Walitazama jinzi zetu, hawakusoma waraka wetu: wanaharakati tuvaeje?

Katibu wa kikundi, Tanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa wiki mbili sasa, na mniwie radhi kwa urefu wa maelezo.

Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana kumi na wanne katika mtaa mmoja hapa Tanga. Tangu masika yaliyopita, mtaro wa maji machafu unaopita nyuma ya soko letu umeziba, na kila mvua inaponyesha maji hayo huingia kwenye vibanda vya mama ntilie na katika vyumba viwili vya chekechea. Tuliandika waraka wa kurasa mbili, tukaambatanisha picha, tukaamua kupita nyumba kwa nyumba kukusanya saini kabla ya kuupeleka kwenye ofisi inayohusika. Ili tuonekane kuwa kitu kimoja, tulichangishana fedha tukachapisha fulana nyeusi zenye ngumi nyekundu kifuani. Chini kila mtu alivaa alichopenda: wengine jinzi zilizochanika magotini, wengine kaptula. Wenzetu watatu wana rasta ndefu.

Siku ya kwanza tulipita nyumba 40 tukarudi na saini 11. Nyumba moja sitaisahau. Bibi alikuwa ameketi barazani akichambua mchele kwenye ungo. Alimsikiliza mwenzetu mpaka mwisho, akaipokea kalamu, kisha macho yake yakashuka kutoka kwenye ile ngumi mpaka kwenye goti lililokuwa likichungulia katika jinzi. Akailaza kalamu juu ya karatasi, akavisogeza vyote viwili kwetu taratibu, akauliza, "Wanangu, wazee wenu wanajua kwamba mko huku?" Mtaro wenyewe unapita hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, na alama ya maji ya mwezi wa nne bado iko ukutani, juu kidogo ya pale alipoegemeza ungo.

Tangu siku hiyo kikundi kimegawanyika. Wapo wanaosema turudi tukiwa na mashati ya kuchomekea, kanzu na kofia, na mabinti wavae baibui au vitenge. Wengine wanasema huo ni unafiki, kwamba anayekataa kutia saini kwa sababu ya goti la mtu hakuwa na nia ya kutia saini tangu mwanzo. Mimi mwenyewe nimeshindwa kuamua. Je, kubadili mavazi ili tukubalike ni busara, au ni kuanza kusalimu amri kabla hata hatujafika ofisini?

Mwalimu wa historia, Morogoro

Ndugu katibu, swali lako ni zito na halikuanza Tanga. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi wa chuo kimoja cha North Carolina, Marekani, waliingia katika duka la Woolworth mjini Greensboro, wakaketi kwenye kaunta ya chakula iliyokuwa ya wazungu peke yao, wakaomba kahawa. Hawakuhudumiwa, lakini waliendelea kuketi mpaka duka lilipofungwa. Vijana walioufuata mfano wao katika miji mingine ya Kusini walikwenda wamevaa makoti, mashati meupe na tai, na walichukua vitabu vyao wakawa wanajisomea palepale kwenye kaunta huku wakizomewa.

Sasa tazama nguo hizo zilifanya kazi gani. Mwezi huohuo mhariri wa gazeti la Richmond News Leader, James Kilpatrick, ambaye alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa ubaguzi katika jimbo la Virginia, aliandika kuhusu alichokiona mjini mwake. Aliwaeleza wanafunzi weusi waliovaa makoti na tai, mmoja akisoma maandishi ya Goethe, mshairi mkubwa wa Ujerumani, na nje akawaona vijana wa kizungu waliokuja kuwazomea, wakiwa wachafu na wamevaa majaketi meusi. Mtu huyo hakubadili msimamo wake wa siasa siku ile, lakini alilazimika kukiri kwa kalamu yake kwamba picha ile ilimpa la kufikiri. Mpinzani wako anapofika mahali pa kuandika hivyo gazetini kwake, ujue kuna kisingizio amenyang'anywa.

Nisieleweke kwamba koti na tai ni kinga. Tarehe 7 Machi 1965, pale Selma, jimbo la Alabama, kijana mwingine wa harakati hizo, John Lewis, aliongoza waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura akiwa amevaa tai na koti refu, na askari walimpiga mpaka fuvu likapasuka. Suti haikuzuia rungu. Ilichofanya ni kumfunga mdomo aliyekuwa akitazama televisheni sebuleni kwake, asiweze kusema kwamba wahuni wamepata walichostahili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mvae kama vijana wanaokwenda msikitini au kanisani na wazazi wao. Yule bibi si adui yenu, na swali alilowauliza lilikuwa la mzazi. Mjibuni kwa mavazi kabla hajauliza tena.

Mkulima msomaji, Mbeya

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu Greensboro, lakini kisa hicho kina sehemu ya pili ambayo ni vema ndugu yetu wa Tanga aijue kabla hajakwenda kununua tai kumi na nne.

Kutokana na migomo hiyo ya kuketi, mwezi Aprili 1960 wanafunzi waliunda chama chao, SNCC. Walipotoka mijini wakaenda vijijini Mississippi kuwaandikisha wakulima weusi wapige kura, waligundua kwamba nguo zile zilizowafaa mbele ya kamera ziliwatenga na watu waliowafuata. Mkulima wa pamba anayelima shamba la mwingine kwa mgawo wa mavuno, anayevaa ovaroli la jinzi siku sita za wiki, akimwona kijana wa mjini mwenye suti barazani kwake hamwoni mwenzake. Basi vijana wale wakavaa ovaroli. Wasichana nao waliacha magauni ya kupendeza na viatu vya visigino, na wengine wakaacha kunyoosha nywele. Baadhi ya wazee wao wa mjini hawakupendezwa kabisa, maana walikuwa wamejinyima kwa miaka mingi ili watoto wao wasivae tena nguo za shambani. Lakini ovaroli lile liliwafungulia milango ambayo koti lisingeifungua.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Kama vijana wako hawavai kanzu siku za kawaida, na mtaa mzima unawajua, watu watawaona kama wako kwenye maigizo, na bibi atauliza swali jingine gumu kuliko la kwanza. Swali la kujiuliza ni nani anaguswa na mtaro ule kila siku, na yeye huvaa nini akiwa kazini.

Mwanafunzi wa saikolojia, Dodoma

Nawashukuru waliotangulia. Naomba niongeze jaribio moja ambalo linaonyesha kwa nini Mwalimu na Mkulima wote wawili wana haki.

Mwaka 1971 watafiti watatu, Suedfeld, Bochner na Matas, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katikati ya maandamano ya kupinga vita vya Vietnam jijini Washington. Waliwatuma watu kuomba saini kwa waandamanaji, baadhi wakiwa wamevaa kwa mtindo wa mahipi, yaani vijana wa enzi hizo waliofuga nywele na kuvaa ovyo kama waandamanaji wengi, na baadhi wakiwa nadhifu kwa namna ya kawaida. Waandamanaji walikuwa tayari zaidi kumtilia saini yule aliyevaa kama wao. Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba wengi wao walitia saini bila hata kusoma kilichoandikwa. Yaani nguo ilifanya kazi ya hoja. Yule bibi wa Tanga alifanya jambo hilohilo kwa upande wa pili: alikataa bila kusoma. Ndugu katibu, fulana zenu zingepata saini nyingi sana kama mngewapitia vijana kumi na wanne wengine wenye fulana zinazofanana nazo.

Aidha, mwaka 2013 Nadia Bashir wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watetezi wa mazingira na watetezi wa haki za wanawake. Waligundua kwamba watu huwachukulia wanaharakati kuwa wakali na wa ajabuajabu, na kwamba sura hiyo huwafanya watu wasitake kujinasibisha nao, hata pale wanapokubali kwamba tatizo lipo. Alama ya maji ipo ukutani kwa bibi, naye anaijua kuliko ninyi. Kilichomkwaza ni kuwekwa kundi moja na ngumi.

Fundi cherehani, Ilala

Mimi si msomi wa mambo hayo, lakini nguo ndiyo kazi yangu kwa miaka ishirini na sita, na ninaona wote mmelizunguka jambo moja bila kuligusa. Fulana ile ilisema nini?

Hebu tulitazame hilo kwa makini. Ngumi nyekundu kwenye kitambaa cheusi inasema kwamba aliyeivaa ana ugomvi. Haisemi ugomvi na nani, wala haisemi mtaro. Anayeiona kwa mbali, akiwa na mchele wake kwenye ungo, anapata habari za mvaaji tu, hapati habari za maji. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa, na lingekuwepo hata kama ngumi hiyo mngeichapa kwenye kanzu.

Kanga ilitufundisha jambo hili zamani. Ina pindo, ina mji, na ina jina, na mtu akivaa kanga mpya jirani husoma jina kwanza kabla ya kusifia rangi. Wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na vikundi vyao vya ngoma, kila kikundi na sare yake. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi cha Bomba, na mwaka 1955 alipoanza kuwaita wanawake wajiunge na TANU alivipitia vikundi hivyohivyo. Hakuwaambia wanawake waje na mavazi mapya ya siasa. Aliwachukua kama walivyokuwa wamezoeana, na sare zao, nyimbo zao na majina yao, na mume aliyekuwa hajui siasa alimwona mkewe akitoka na watu anaowafahamu.

Mpaka leo dukani kwangu, wanawake sita wakiingia na kitambaa cha aina moja, wa saba aliyekuja kupunguza sketi lazima aulize, "Jamani, mna shughuli gani?" Sare inamfanya mtu aulize habari. Kazi yenu ni kuhakikisha kwamba wakiuliza, jibu ni mtaro. Mkitaka, nitawashonea vilemba au vitambaa vya begani kwa bei ya kitambaa tu, bila ujira.

Mama wa Kisauni, Mombasa

Fundi, Mungu akubariki kwa neno hilo. Nami nakuunga mkono kwa mifano miwili ya kina mama.

Mwaka 1977, wakati wa utawala wa kijeshi nchini Argentina, kina mama ambao watoto wao walikamatwa na kupotezwa walianza kukusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo mjini Buenos Aires. Mwezi Oktoba mwaka huo walikwenda kwenye hija ya Kikatoliki ya Luján pamoja na umati mkubwa, na ili waonane katikati ya watu walijifunga kichwani nepi nyeupe za kitambaa, zile za watoto wachanga. Baadaye zikawa vitambaa vyeupe ambavyo dunia nzima inavijua. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nepi ilisema mtoto, na mtoto hayupo.

Huku kwetu, tarehe 28 Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kukesha na kufunga kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Walikuwa kina mama watu wazima, na walivaa vitambaa vichwani na nguo zao za kila siku, kama ambavyo ungewaona sokoni. Tarehe 3 Machi polisi walipowavamia kwa mabomu ya machozi na marungu, baadhi yao walivua nguo mbele ya askari wale vijana. Sitaki kulisema jambo hilo kwa wepesi, kwa sababu kwa mila zetu mama kumvulia mtoto nguo ni laana, na wale askari walilielewa hilo vizuri kuliko hotuba yoyote. Lakini ili kuvua kule kuwe na uzito ule, ilibidi kwanza wawe wamevaa kama mama wa kila mtu. Baada ya hapo walihamia katika kanisa la All Saints wakaendelea kwa karibu mwaka mzima, na mapema mwaka 1993 wengi wa wale vijana wao walikuwa wameachiwa.

Mwanangu katibu, mama ntilie wenu wanaofurikiwa na maji wako wapi katika safari hii? Katika maelezo yako yote sijawaona wakipiga hodi.

Dada wa Nairobi

Naomba niwe na sauti tofauti kidogo, kwa heshima ya wote, hasa Mwalimu.

Ninaogopa pale mjadala unaposhuka hadi "mabinti wavae baibui au vitenge". Katika historia yetu, amri za mavazi ya heshima zimewaangukia vijana, na wasichana kuliko wote. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vilipigwa marufuku, na kuna wasichana waliosumbuliwa barabarani kwa jina la heshima. Hapa Nairobi, mwezi Novemba 2014, wanaume walimvua nguo mwanamke kwenye kituo cha matatu wakidai amevaa vibaya. Tarehe 17 mwezi huo tuliandamana tukisema nguo yangu ni uamuzi wangu, na wengine walivaa sketi fupi makusudi. Wapo waliotuambia kwamba tungesikilizwa zaidi kama tungejisitiri. Lakini siku ile nguo ndiyo iliyokuwa kesi yenyewe. Kujifunika kungekuwa kukubali hukumu.

Tena, anayetafuta kasoro haikosi. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya walipopinga Mswada wa Fedha, walikubaliana kuvaa nyeusi. Kila mtu ana kipande cha nguo nyeusi nyumbani, hakuna aliyelazimika kununua, hapakuwa na rangi ya chama chochote, na mkononi wengi walishika bendera ya taifa. Nguo hizo hazikuweza kulaumiwa. Basi wakalaumiwa kwa simu zao: ikasemwa kwamba hawa ni watoto wa tabaka la juu, wamekuja kwa Uber, mfukoni wana iPhone. Na kwa jirani zetu wa Uganda, kofia nyekundu ya wafuasi wa Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, ilipoanza kueleweka na watu wa kawaida, serikali iliiorodhesha katika gazeti rasmi, mwezi Septemba 2019, kuwa ni vazi la jeshi.

Ninachokuomba, katibu, ni kwamba wale wenzenu watatu wenye rasta wasiambiwe wabaki nyumbani. Kama walichimba mtaro ule pamoja nanyi siku za mafuriko, bibi awaone. Ushauri wa Fundi ninaukubali, kwa sababu unabadilisha ujumbe ulioandikwa kwenye nguo bila kumficha mtu.

Mwalimu wa historia, Morogoro

Dada, umenikumbusha jambo ambalo nililipita haraka mno. Nilipoandika "kama wanaokwenda na wazazi wao" nilikuwa nikiwafikiria wavulana tu, na sikujiuliza sentensi hiyohiyo ikitamkwa kwa binti inageuka kuwa nini. Nabaki na imani kwamba unadhifu haumpunguzii mtu chochote, ila namna ya kuvaa kwa heshima iamuliwe na wao wenyewe kwa pamoja, wavulana na wasichana kwa kipimo kimoja.

Katibu wa kikundi, Tanga

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu tulitaka kwanza tujaribu. Swali la Mama wa Kisauni lilituaibisha. Kweli tulikuwa tumewasemea mama ntilie bila kuwaalika.

Jumamosi iliyopita tulitoka tena, safari hii wawili wawili, kijana mmoja na mama mmoja wa sokoni. Hatukumwambia mtu yeyote avae nini, isipokuwa tuliziacha zile fulana. Kina mama walikuja na kanga walizojifunga kazini na aproni zao, na wengi wetu tulivaa buti za mpira tunazovaa maji yanapojaa, kwa kuwa asubuhi ile tulikuwa tumetoka kuzoa tope. Mmoja wa wenye rasta alikuwa na Mama Pilau, kama tunavyomwita. Walipofika kwa yule bibi wa mchele, Mama Pilau hakuanza na waraka. Alilishika pindo la kanga yake, akamwonyesha mstari wa tope uliokataa kutoka kwa sabuni, kisha akautazama ukuta. Bibi naye akautazama. Akamwita mjukuu wake amletee miwani, akausoma waraka kurasa zote mbili, akatuambia tumekosea jina la mtaa wa pili, halafu akatia saini.

Siku hiyo tulipata saini 29 katika nyumba 37. Wapo waliokataa. Mzee mmoja alisema wazi kwamba hatatia saini mbele ya mtu mwenye nywele zile, naye mwenzetu akamwamkia na wakaondoka. Jambo hilo bado linatuuma.

Fundi, tumekubali ahadi yako ya vitambaa vya begani, na tunataka viandikwe neno moja tu, MTARO. Jumatatu tunaupeleka waraka ofisini. Mlangoni wataruhusiwa watu watatu tu, na mpaka usiku huu tunabishana kama awemo mwenye rasta au la. Mimi nimepiga kura awemo.